Hata Chembe

Msikilize mtu akitumia neno chembe. Mara nyingi utakuta limetanguliwa na ukanushi: hakuna hata chembe ya shaka, hana chembe ya huruma, hatukubakiwa na hata chembe. Tunaliita pale tunapotaka kuapa kwamba kitu hakipo kabisa, kwamba tumepekua mpaka kwenye kipimo ambacho chini yake hakuna kipimo, na huko nako tumerudi mikono mitupu. Kazi ya neno lenyewe ni kutaja kilicho kidogo kuliko vyote, lakini sisi tumezoea kulituma likatangaze kwamba hakuna kitu.

Tangu kaka yangu mkubwa afariki nimekuwa nikilisikia neno hili kwa sikio jingine. Aliyefiwa huambiwa kwamba aliyeondoka ameondoka, yamekwisha, tumwachie Mungu. La kumwachia Mungu nalikubali. Hilo la kwamba yamekwisha ndilo linalonishinda, na mtu akikaa Same kwa muda ataelewa kwa nini linanishinda.

Same ni mji wa vumbi. Milima ya Upare huzikinga pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo upande wa mashariki, Gonja, Mamba na Vunta, mawingu hupanda mteremko na kuishusha mvua yao yote. Huko kuna tangawizi, iliki, migomba na kahawa. Upande wa magharibi, inakopita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, hushuka upepo mkavu. Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, kinaweza kuwa kimejifunika ukungu tangu alfajiri huku Makanya, upande wa magharibi, ardhi inapasuka kwa jua. Wanawake wa mjini hufagia nyua zao asubuhi, na ikifika saa sita mchana ukipitisha kidole juu ya meza unaweza kuandika jina lako. Hakuna anayelalamika sana. Vumbi limo kwenye chai, kwenye Biblia na Misahafu, kwenye picha za harusi zilizotundikwa ukutani, kwenye mikunjo ya suti inayovaliwa mara mbili kwa mwaka.

Wanaoishi na vitu vidogo huvipa majina mengi. Mpunga wa Ndungu, ule unaolimwa kwa umwagiliaji chini ya milima ya Upare Kusini, ukishakobolewa humwachia muuza mchele kundi zima la maneno. Punje ni ile iliyotoka nzima. Chenga ni ile iliyovunjika. Chuya ni ile iliyogoma kuvua ganda lake. Pumba na wishwa ni vile vilivyobanduliwa. Kila jina linakuambia kitu hicho kimepitia nini kinuni au mashineni. Chembe haisemi. Haituelezi kama ni kitu kizima au kipande, kama kilianza hivyo au kilimeguka kutoka kwenye kikubwa. Inasema tu kwamba tumefika mwisho wa kugawanya. Ndiyo maana wanasayansi wetu walipotafuta maneno walilikimbilia hilo hilo: chembe za damu, chembe hai, chembe za urithi, chembe za atomu. Walihitaji neno la kitu cha mwisho ambacho bado ni kitu.

Lakini chembe ina maana nyingine ambazo watu wengi wa bara siku hizi wamezisahau, na moja inaigusa Upare moja kwa moja. Chembe cha mshale ni ile ncha ya chuma, kile kinachoingia mwilini. Makamusi ya zamani yanaziweka mahali pamoja, chembe iliyo punje ya mavumbi na chembe kilicho ncha ya mshale, bila kusema zimehusiana vipi. Sina haja ya kuzilazimisha undugu. Ninachojua ni kwamba Ugweno, kule Upare Kaskazini, watu walizifanya kuwa kitu kimoja kwa mikono yao.

Mvua ikinyesha milimani, vijito huteremka na mchanga mweusi, mzito, wenye chuma ndani yake. Wafua chuma wa Ugweno hawakuhitaji kuchimba mashimo marefu kutafuta mawe. Waliukusanya mchanga huo vijitoni, wakauosha ili maji yachukue chembe nyepesi na kuacha zile nyeusi, kisha wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto. Fikiria kazi hiyo. Jembe moja la chuma lilianza kama maelfu yasiyohesabika ya vipunje ambavyo upepo ungeweza kuvipeperusha kiganjani. Kutoka humo yalipatikana majembe yaliyolipiwa mahari, vyembe vya mishale, na chuma kilichouzwa kwa Wachaga, ambao wahunzi wao walikigeuza kuwa mikuki. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upare mwenyewe, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare jinsi ukoo wa Washana, wenye siri ya chuma, walivyoshika utawala wa Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Ufalme uliondoka mikononi mwao, ufundi ukabaki.

Baadaye ufundi nao uliondoka. Chuma cha kutoka ng'ambo kilikuja kwa misafara, kisha kwa reli ya Wajerumani, nacho kilikuwa tayari kimeyeyushwa na kunyooshwa. Mhunzi hakuwa tena na sababu ya kushinda kijitoni akiosha mchanga. Matanuri yakapoa moja baada ya jingine. Lakini ukipita mashamba ya Ugweno na Usangi leo, jembe la mkulima bado hugonga mavi ya chuma, yale mabonge meusi yaliyotoka tanurini, mepesi kwa namna ya ajabu, yenye vitundu. Watoto huyaokota na kuyatupa. Na mchanga mweusi bado unateremka kila msimu wa mvua, uko pale pale vijitoni. Hakuna anayeuosha. Ninaposikia watu wakisema kwamba ufundi ule umepotea bila kuacha hata chembe, natamani niwapeleke kijitoni baada ya mvua. Chembe ndizo zilizobaki nyingi. Kilichopotea ni mikono iliyojua la kufanya nazo, na hilo ni jambo jingine kabisa, zito zaidi, ambalo tunalipitia haraka mno kwa kusema tu kwamba yamekwisha.

Kisha kuna chembe cha moyo. Hicho hakijasahaulika, nenda zahanati yoyote asubuhi utamsikia mgonjwa akimwambia mganga, "Chembe cha moyo kinaniuma." Weka kidole pale mbavu za kushoto na za kulia zinapokutana, chini kidogo ya mfupa wa kifua. Ni hapo. Madaktari watafikiria tumbo kwanza, tindikali au vidonda, nao wana haki. Lakini kila aliyewahi kupokea simu ya msiba usiku anajua kwamba habari ile haiingii kichwani kwanza. Inaingia hapo. Hayo mengine, kuelewa, kuuliza saa ngapi, kuuliza mwili uko wapi, huja baadaye. Waliopaita mahali hapo chembe cha moyo walijua kitu ambacho sina namna ya kukithibitisha, ila nimekihisi.

Kaka yangu alifanya kazi kwenye machimbo ya jasi Makanya. Jasi ni mwamba laini, mweupe wa kijivu, ambao ukisuguliwa kidogo tu unakuwa unga. Wengi hawajui jasi inakwenda wapi ikishapakiwa kwenye malori. Inakwenda viwanda vya saruji. Mawe ya chokaa na udongo vikishachomwa vikawa klinka, huongezwa jasi kidogo, kama asilimia 3 hadi 5, kisha vyote husagwa pamoja. Bila hiyo asilimia chache saruji ingeshikana mara tu inapoguswa na maji, fundi asingepata hata muda wa kuitandaza kwenye tofali. Kwa hiyo katika kuta nyingi za nchi hii kuna kiasi kidogo sana cha Makanya, na kazi yake humo ni kumpa fundi muda. Kaka alilijua hilo na alilipenda. Tulikuwa tukipita mbele ya jengo jipya, benki au shule, naye hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kuendelea na mazungumzo.

Alikuwa akirudi nyumbani mweupe kope na nyusi. Shemeji alikuwa akimwekea ndoo ya maji nje ya mlango kwa sababu vumbi lile likishaingia ndani halitoki.

Alipofariki, baada ya ugonjwa wa muda mfupi, tulimzika nyumbani kwetu milimani, tukakaa matanga kama inavyotakiwa, na siku ya kuyamaliza wazee wakakaa kugawa nguo za marehemu. Suti ikaenda kwa mdogo wetu, viatu vikaenda kwa mpwa, koti kwa baba mdogo. Shati moja la kazi halikuletwa. Baba mdogo alilikumbuka, maana lilikuwa shati gumu, zuri bado kwa shamba. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, lile la kazi nalo lilete, lipate mtu wa kulivaa." Shemeji akapiga magoti, akajibu, "Baba, hilo naomba nibaki nalo." Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akasema afadhali basi alifue, vumbi la marehemu si zuri kukaa nalo ndani. Shemeji hakujibu.

Shati lile lina jasi kwenye mishono. Kwenye kola, kwenye pindo la mikono, ndani ya mfuko. Ukilikung'uta linatoa ukungu mweupe. Nimewahi kuwasikia watu, hata wa familia yetu, wakisema shemeji anajitesa, kwamba kinachomzuia kupona ni kushikilia vitu. Nimelifikiria hilo kwa uzito, kwa sababu waliolisema wanampenda. Nami nadhani wanakosea. Jambo linalomsumbua mfiwa si kwamba kuna kitu kimebaki. Linalomsumbua ni ukubwa wa kilichoondoka ukilinganisha na udogo wa kilichobaki, na hakuna anayempunguzia maumivu hayo kwa kumnyang'anya hicho kidogo. Shemeji anajua vizuri kuliko sisi sote kwamba shati si mume wake. Hilo tu ndilo alilonalo ambalo halikupita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia, vumbi alilokuja nalo mwenyewe kutoka kazini, siku ya mwisho aliyokwenda kazini.

Milima yenyewe inapoteza kwa chembe. Kila mvua kubwa huosha udongo wa miteremko iliyolimwa mpaka juu, na udongo huo hauendi mbali kwa mkupuo mmoja. Unakwenda kidogo kidogo, ukitazama siku hiyo hutaona kitu. Ziwa Jipe, mpakani na Kenya, linapokea maji ya Kilimanjaro na ya vijito vya Upare Kaskazini, na pamoja na maji hupokea tope. Kina chake kimepungua na magugu yamelizingira. Wazee wa Upare walilijua tatizo hili zamani, wakajenga ndiva, mabwawa ya kuyalaza maji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Ndiva hujaa tope. Kwa hiyo kuna msaragambo: hupigwa pembe, watu hutoka kila nyumba, wanaingia bwawani na kulizoa tope kwa majembe na vikapu. Huko Bangalala, juu ya Makanya, kuna ndiva iitwayo Manoo ambayo imetunzwa hivyo vizazi na vizazi. Anayekosa msaragambo bila sababu hutozwa faini.

Wakati mwingine mlima hausubiri. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka usiku katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani Same, na watu zaidi ya 20 wakafa. Waliofika kwanza walifukua kwa majembe yale yale ya kulimia tangawizi. Udongo uliowalisha ndio uliowafunika. Mazishi huwa na ile sehemu ya kurusha udongo kaburini, kila ndugu gao lake, na huo udongo hutupa nafasi ya kutenda jambo dogo la mwisho kwa mkono wetu. Goha udongo ulitangulia, haukumpa mtu nafasi hiyo. Ilibidi watu wautoe kwanza ndipo waurudishe kwa heshima.

Dini zetu mbili, zile zinazoishi pua na mdomo Same na Usangi, zinalitumia neno chembe kinyume na sisi tunavyolitumia barabarani. Waislamu wanaisoma Sura ya Zilzala, ambamo siku ya mwisho hata tendo jema la uzito wa chembe litaonekana mbele ya aliyelitenda, na baya vivyo hivyo. Wakristo, Wasabato wa Suji na Mamba pamoja na Walutheri wa Mbaga, wanaijua chembe ya haradali. Katika vitabu vyote viwili chembe haitajwi ili kuonyesha kwamba hakuna kitu. Inatajwa ili kuonyesha kwamba kuna kitu, na kwamba mtu fulani anakihesabu. Sisi tunasema hata chembe na tunafunga mlango. Huko inasemwa hata chembe na mlango unafunguliwa. Nimesikiliza mahubiri mengi ya msiba juu ya mavumbi, kwamba tulitoka huko na tutarudi huko, nayo yanasemwa kwa sauti ya kutunyenyekeza. Ni haki. Lakini ningependa siku moja mhubiri asimame kaburini azungumzie upande wa pili: kwamba yule anayehesabu chembe hapotezi hesabu ya mavumbi pia.

Juni 28, 2025, jioni ya Jumamosi, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi la abiria na gari dogo aina ya Coaster yaligongana kwenye barabara ya Moshi na Tanga, kisha yakawaka moto. Taarifa ya Ikulu siku iliyofuata ilitaja vifo 38, na idadi hiyo iliongezeka baadaye. Ilisema pia kwamba miili 36 haikuweza kutambuliwa kwa sababu ya moto.

Nataka kukaa kidogo kwenye sentensi hiyo ya mwisho, maana nadhani wilaya nzima ilikaa juu yake. Kwetu mtu akifa, kazi ya kwanza ni kumwona. Ndugu wanaingia mochwari, mmoja anaangalia uso, anatikisa kichwa, anatoka nje na kusema ni yeye. Baada ya hapo ndipo msiba unapoanza rasmi. Turubai linafungwa, sufuria zinaazimwa, watu wanaanza kuulizana gari la kubeba mwili litatoka lini. Neno lile la ni yeye ndilo linaloruhusu yote. Familia zile zilinyimwa neno hilo. Kulikuwa na mama aliyejua kwa hakika mwanawe alikuwemo garini, na bado hakuwa na uso wa kuthibitisha. Hakuweza kulia juu ya mtu fulani. Aliweza kulia tu.

Wakaombwa kutoa sampuli za vinasaba. Kila mmoja wetu hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, na hivyo mzazi, mtoto au ndugu wa damu anaweza kutoa kiasi kidogo cha mate au damu, kikalinganishwa na kilichosalimika katika mwili. Moto mkali huharibu ngozi na nyama, ila ndani ya jino au ndani ya mfupa mnene wa paja mara nyingi hubaki chembe chache ambazo joto halikuzifikia. Chembe hai moja ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na ndani yake mna maandishi yote yanayomtenganisha mtu huyo na kila mtu mwingine aliyewahi kuishi, isipokuwa pacha wake wa kufanana.

Nilipozisikia habari hizo, neno chembe lilinigeuka. Miaka yote tumesema hakubaki hata chembe kwa maana ya kukata tamaa. Hapa kilichobaki kilikuwa chembe, na chembe ilitosha. Ilitosha kumrudishia mtu jina lake, kumtenganisha na jirani yake wa kiti cha basi, kumpeleka kwenye kaburi lake. Nimesikia watu wakisema kwamba kuna faida gani, mtu ameshakufa, zika wote pamoja tuendelee. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu haachi kuwa yeye kwa sababu kilichobaki kwake ni kidogo. Kama sheria ya udogo ingetawala, basi hata mtoto mchanga asingestahili jina.

Na jambo hili ni pana kuliko Same. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Kwa simulizi ya familia, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mafuvu mengi ya Afrika Mashariki yalipelekwa Berlin enzi hizo, yakapimwa na kuwekwa makabatini na namba zilizoandikwa kwa wino juu ya mfupa. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali huko Berlin ilichunguza mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo vimelingana na vya watu walio hai Tanzania, na mmoja wa waliotambuliwa alikuwa akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Zaidi ya miaka 120 baada ya kifo chake, mtu aliyekuwa namba alipata wajukuu.

Meli mwenyewe hakupatikana. Mjukuu wake, Isaria Meli, ambaye kwa miongo mingi aliomba kichwa cha babu yake kirudishwe, alitoa sampuli yake ipimwe, na hakuna fuvu lililolingana. Kuna watu watakaolichukua jibu hilo kuwa mwisho wa habari. Kwangu si mwisho. Kutolingana na yale yaliyopimwa kunatuambia tu kwamba yuko mahali pengine, kwenye kabati la chuo au stoo ya hospitali au mkusanyo wa mtu binafsi, na kwamba kule alikolala kuna chembe ndani ya jino lake zinazoweza kumtambulisha siku yoyote zitakapoguswa. Familia imeshatoa upande wake. Sampuli ipo, jina lipo, tarehe ipo, mti aliponyongewa upo Tsudunyi, Old Moshi. Kazi iliyobaki ni ya wenye funguo za makabati, nao hawana ruhusa ya kusema hawakukuta hata chembe mpaka wawe wamefungua yote.